Kipimo cha pili cha damu kiko wapi? Barua ya wazi kwa viongozi wa afya na wa vyuo Dodoma

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma, waganga wakuu wa halmashauri zote za mkoa, wakuu wa vyuo vikuu na vyuo vya kati vilivyoko jijini, na kila anayekaa mezani kupanga oda ya dawa.

Ndugu viongozi,

Msichana wa miaka 21 anafika maabara na karatasi iliyoandikwa HB, yaani hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu. Anatobolewa kidole, mashine inasoma gramu 9.4 kwa desilita, chini ya mpaka wa 12. Anarudi kwa daktari, anaandikiwa vidonge vya kuongeza damu, anapita dirisha la dawa, anapewa 14 kwenye kibahasha na kuambiwa ale sana mboga za majani. Basi, yameisha. Tarehe ya kurudi haikuandikwa popote.

Fungueni madaftari ya maabara ya vituo vyenu. Tafuteni jina la kijana, wa kike au wa kiume, asiye mjamzito, aliyekutwa na upungufu wa damu kisha akapimwa tena ndani ya miezi mitatu ili ijulikane kama dawa imefanya kazi. Mtapekua kurasa nyingi. Sisi tunaoandika barua hii tunafanya kazi za maabara, lishe na dirisha la dawa, na tunachoomba ni kitu kimoja tu: kipimo hicho cha pili kiwe sehemu ya matibabu, kama kilivyo kwa mwenye kifua kikuu anayerudishwa kupimwa makohozi. Mengine yote tutakayoyasema humu yanazaliwa na kukosekana kwake.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo vidonge 14 vinapojiumbua. Mchukueni huyo wa 9.4, uzito wake tuseme kilo 55. Madaktari wanaotoa madini ya chuma kwa dripu wana kanuni ya kukadiria chuma kilichopungua mwilini: uzito, mara tofauti kati ya 15 na kipimo chake, mara 2.4, kisha unajumlisha 500 za akiba. Kilo 55 mara 5.6 ni 308, mara 2.4 ni kama 740; weka na akiba, unapata kama miligramu 1,240. Kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina kama miligramu 65 za chuma chenyewe. Mwili wenye upungufu, kidonge kikimezwa tumbo likiwa tupu na chai ikiwa mbali, huchukua hapo miligramu 8 hadi 12 hivi. Vidonge 14 kwa hesabu ya ukarimu kabisa ni miligramu 168. Anadaiwa 1,240, kalipwa 168. Na hedhi hatujaitoa. Kwa anayetoka damu nyingi, mililita 80 na kuendelea, kila mwezi huondoka na miligramu 25 au zaidi hata damu yake ikiwa hafifu hivyo.

Kwa mwendo huo deni lingehitaji kati ya siku 103 na 155 kuisha, akimeza kila siku bila kuruka. Miezi mitatu na nusu hadi mitano. Ndiyo maana miongozo ya tiba inataka dawa iendelee kama miezi mitatu zaidi baada ya HB kufika panapotakiwa. Mwili hujenga damu kwanza, akiba huja mwisho. Ni kama soko la Kibaigwa: malori yakiwa yanapakia kila gunia linaloingia, ghalani hakibaki kitu hata kama mahindi yalipita mengi. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa hujisikia nafuu mapema, kizunguzungu kinapungua, ngazi za hosteli anazipanda bila kusimama katikati, anasema nimepona. Baada ya hedhi tatu nne karudi palepale, na safari hii hata kituoni haendi kwa kuwa "zile dawa nilishatumia".

Kwa nini basi ni 14? Wengi hudhani ni uzembe wa mtoa dawa. Si uzembe, ni mzunguko. Oda ya dawa ya kituo hupigwa kwa kuangalia matumizi ya nyuma. Kituo kilichozoea kugawa 14 kwa kila mtu kitaonyesha matumizi madogo, kwa hiyo kitaletewa kidogo, na kikiletewa kidogo mtoa dawa atagawa 14 ili kila mmoja aambulie. Kopo la vidonge 1,000 linaonekana limehudumia watu 71. Hata kwa kozi ya vidonge 90 tu lingehudumia 11. Kwenye ripoti 71 inapendeza, ila kati ya hao 71 hakuna hata mmoja aliyepewa dawa ya kutosha kuziba upungufu wake. Mzunguko huu hauvunjiki dirishani. Unavunjika kwenu, siku mtakapoagiza kwamba makadirio ya oda yafuate idadi ya waliokutwa na upungufu mara kozi kamili, badala ya kufuata vilivyotoka mwezi uliopita.

Mtatujibu kwamba vidonge hivi vina wenyewe: kliniki ya mama na mtoto. Ni kweli mjamzito anavihitaji, wala hatuombi apunguziwe hata kimoja. Lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu, na wengi wao hawakuwa wajawazito. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unasema mahali ambapo asilimia 40 au zaidi ya wanawake wasio wajawazito wana tatizo hili, wanawake na wasichana wote wenye umri wa kupata hedhi wapewe miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku kwa miezi mitatu mfululizo kila mwaka, bila hata kungoja kupimwa. Sisi hatujafika huko. Tunawazungumzia waliokwisha kupimwa, wakakutwa, wakaachwa njiani. Msichana wa chuo, wa saluni, wa mama lishe, wa kazi za ndani: hayumo kwenye mpango wa shule ya msingi, hayumo kliniki, atakumbukwa akishika mimba. Akifika huko na 9.4 yake, miezi tisa huenda isitoshe kulipa deni huku mtoto naye anachukua chake.

Sasa kipimo cha pili kina kazi gani, zaidi ya kujua namba? Kazi yake ni kuuliza. Dawa ikifanya kazi, HB hupanda kama gramu 1 hadi 2 kwa wiki nne. Huyo wa 9.4 akirudi baada ya mwezi na 10.8, endelea. Akirudi na 9.5, kuna kitu, na vitu vyenyewe vinajulikana.

Cha kwanza hapa kwetu ni chai. Mwanafunzi anakunywa chai ya rangi na chapati asubuhi, saa nne tena chai na andazi, na kidonge anakitelemshia hapohapo ili tumbo lisimsumbue. Chai, ya rangi au ya maziwa, hukamata chuma tumboni kikapita moja kwa moja. Kahawa ni hivyohivyo. Maziwa na vidonge vya kalisi navyo huzuia. Anayemeza dawa yake na chai kila siku anaweza kumaliza kopo zima na asisogee. Maelekezo yanayofanya kazi ni mafupi: meza saa kumi na mbili asubuhi ukiamka, kwa maji, chai baada ya saa moja au mbili; ukishindwa asubuhi, meza saa nne usiku, zikiwa zimepita saa mbili tangu ule. Na Dodoma tuna bahati ambayo mikoa mingine inainunua kwetu: ubuyu. Unga mweupe wa ubuyu, vijiko viwili vikubwa kwenye glasi ya maji yasiyochemka, una vitamini C inayosaidia chuma kupita. Tunasema unga mweupe, siyo ule uliopikwa na sukari na rangi nyekundu wa kwenye vifuko, huo vitamini yake imeshaharibiwa na moto.

Tukiwa kwenye rangi: kuna imani kwamba chekundu huongeza damu. Rozela, bitiruti, hata soda nyekundu iliyochanganywa na maziwa. Rangi siyo chuma. Bitiruti ina chini ya miligramu moja ya chuma kwa gramu 100. Hatukatazi juisi, tunakataza mtoa huduma kuiandika mahali pa dawa. Hata "kula mboga za majani" ni ushauri dhaifu kwa mtu wa 9.4: chuma cha mlenda au mchicha hupita kidogo sana, na ugali wa uwele au mtama mwekundu una vitu vinavyokizuia. Kuchachusha unga au kuotesha nafaka kwanza, kama inavyofanywa kwa togwa, hupunguza vizuizi hivyo. Maini, bandama na nyama nyekundu ndivyo vyenye chuma kinachopita kirahisi, na vipande viwili vitatu vya nyama pamoja na maharage huvuta hata chuma cha maharage. Lakini chakula hulinda, hakilipi deni la miligramu 1,240. Mwezi ambao bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, limeisha na mlo ni wali maharage mara moja kwa siku, ndiyo kabisa.

Cha pili, mtu hakumeza. Kichefuchefu, kiungulia, choo kigumu, kisha choo kikageuka cheusi akaogopa. Sentensi mbili za dirishani zingemzuia kuacha: "Choo kitakuwa cheusi, ni ile dawa. Tumbo likikusumbua, meza siku moja ruka moja, usiache." Ushauri wa kuruka siku siyo wa kubembelezana. Dozi moja ya chuma hupandisha mwilini homoni ya hepsidini, ambayo kwa saa 24 hivi hufunga mlango wa chuma kingine. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa 2017, uliofanywa kwa wanawake vijana wenye akiba ndogo ya chuma, ulionyesha kwamba waliomeza siku moja na kuruka moja walichukua sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge kuliko waliomeza mfululizo. Kwa kituo chenye uhaba, hilo lina maana yake. Vidonge viwili kwa siku, vinavyoandikwa mpaka leo, mara nyingi huongeza maumivu ya tumbo kuliko damu.

Cha tatu, damu inavuja kuliko inavyoingia. Hapa panahitaji maswali ambayo kijana hatayajibu kwenye benchi la korido huku watu kumi wanamsikiliza. Pedi unabadilisha kila baada ya muda gani? Ikijaa kila saa au mbili, ni nyingi. Kuna mabonge? Siku zinazidi 7? Una kitanzi cha shaba? Kitanzi hicho huongeza hedhi kwa baadhi ya wanawake, na anayekutwa na 9 aelezwe kwamba zipo njia za homoni zinazoipunguza. Zipo pia dawa za kumeza siku zile za hedhi tu, kama asidi ya traneksamiki, na upo uvimbe wa kizazi unaohitaji kuangaliwa kwa mashine. Kumwongezea chuma bila kuuliza haya ni kujaza ndoo iliyotoboka.

Mwulizeni pia kama anakula udongo. Vijiti vya pemba vinauzwa waziwazi na tumezoea kuvihusisha na mimba, ila hamu ya udongo, ya mchele mbichi au ya kutafuna barafu ni dalili ya upungufu wa chuma wenyewe, na chuma kikirudi hamu hukatika. Ni swali la sekunde tano lenye jibu zuri kuliko kumfunua mtu kope na kutazama weupe, maana kope haionyeshi vizuri upungufu mdogo.

Vijana wa kiume wana shauri lao. Mwanamume wa miaka 24 hana hedhi wala mimba. Akiwa na HB ya 10, chukulieni kwamba kuna mahali damu inatoka hadi ithibitike vinginevyo. Vidonda vya tumbo, hasa kwa anayejinunulia diklofenaki kila mgongo ukimuuma, bawasili, safura, ile minyoo inayonyonya damu utumboni, ambayo wazee waliiita hivyo tangu zamani kwa ule weupe wa uso, kichocho kwa aliyekulia kwenye malambo. Aulizwe kuhusu choo cheusi kabla ya kupewa kidonge cha kwanza. Ukishampa chuma, kila choo ni cheusi na ushahidi umeufunika mwenyewe. Albendazole miligramu 400 mara moja huwatibu wengi wenye safura kwa bei ndogo. Asiyepata nafuu apimwe picha nzima ya damu na feritini, kipimo cha akiba ya chuma, pale inapopatikana, maana seli mundu na magonjwa mengine ya kurithi hayatibiwi kwa vidonge vya chuma.

Kipimo chenyewe nacho kina mambo yake, na hapa tunajisema sisi wa maabara. Matone mawili ya kwanza yafutwe kwa pamba kavu. Kidole kikiminywa sana, maji ya nyama huchanganyika na damu na namba inashuka. Spiriti isipokauka, vilevile. Kyuveti, kile kijibamba kinachobeba tone la damu kuingia kwenye mashine, ikiwa na kiputo cha hewa, itupwe. Kwa zile zenye kemikali ndani, chupa ikiachwa wazi kwenye meza ya kliniki asubuhi nzima huvuta unyevu na kuharibika, hivyo ifunikwe kila mara, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe kwenye kifuniko. Vumbi la Dodoma mnalijua. Pale kyuveti inapoingilia pakikaa wiki mbili bila kusafishwa, mashine inasoma vumbi. Mtu akipimwa Januari kwa mashine safi na Februari kwa chafu, kipimo cha pili hakina maana, kwa hiyo pamoja na kyuveti tunaomba vifaa vya kusafishia na vya kuhakiki mashine viwemo kwenye oda ileile.

Halafu kuna mwinuko. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Panapokuwa juu, mwili hutengeneza damu zaidi, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unataka iongezwe 0.8 kwenye kipimo cha mpaka kwa wanaoishi kati ya mita 1,000 na 1,499. Mpaka wa mwanamke asiye mjamzito ni 12. Kwa mkazi wa hapa unakuwa 12.8. Wa mwanamume ni 13, unakuwa 13.8. Fomu zinazotumika zimechapwa 12. Msichana mwenye 12.3 jijini Dodoma anaambiwa yuko sawa. Kubadilisha fomu ni kazi ya wino.

Mahali pengine mnapowapoteza watu ni kwenye kambi za kuchangia damu vyuoni. Kabla ya kutoa, mchangiaji hupimwa wingi wa damu. Zinapotumia ule mmumunyo wa bluu wa kopa salfeti, tone la damu hudondoshwa kwenye chupa: likizama ndani ya sekunde 15, karibu kitandani, likielea au kurudi juu, asante, rudi siku nyingine. Aliyeelea ameshagunduliwa, bure, mbele ya mhudumu wa afya, na anaondoka na soda. Tunaomba aondoke na karatasi ya rufaa kwenda zahanati ya chuo. Na aliyezama naye asisahaulike: mililita 450 zilizotoka zimebeba miligramu 200 hadi 250 za chuma, na akiba nzima ya mwanamke kijana mara nyingi ni kama 300. Wapewe vidonge vya mwezi mmoja angalau, hasa wasichana wanaochangia kila mara kwa moyo mmoja.

Kuhusu unga tutasema kidogo. Kanuni za urutubishaji chakula zipo tangu 2011 na unga wa mahindi umo. Viwanda vikubwa vinaweza kufuata. Mashine za mtaani zinazosaga sehemu kubwa ya unga wa ugali wetu ni habari nyingine. Vyuo vinaweza kuanza kesho asubuhi: mkataba wa mzabuni wa kantini useme unga uwe ulioongezwa virutubishi, na bwana stoo asipokee gunia lisilo na alama.

Tunachopendekeza kwa utekelezaji ni kadi moja ya nusu karatasi. Mbele: tarehe, HB ya kwanza, HB ya wiki ya nne, HB ya mwezi wa tatu, idadi ya vidonge vilivyotolewa kila safari. Nyuma: maswali saba ya ndiyo na hapana (chai, kumeza, hedhi, udongo, choo cheusi, dawa za maumivu, kitanzi). Vidonge vitolewe 30 kila safari, ili kufuata dawa na kurudi kupimwa iwe safari ileile; ambaye anaenda likizo kwao Kondoa au Mpwapwa apewe 60 na aonyeshe kadi zahanati ya huko. Avifungie mbali na watoto wa nyumbani: vina sukari kwa nje, vinafanana na pipi, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. HB ikiwa chini ya 8, au haijapanda wiki ya nne na kadi haionyeshi sababu, aende hospitali ya rufaa bila kuzungushwa. Huko ndiko panapoamuliwa dripu ya chuma. Kuongezewa damu ni kwa aliyezidiwa kweli, wala kusiwe njia ya mkato ya kumaliza kozi.

Kadi tumeshaichora. Tunaomba vituo vitatu vya kuijaribia, kimoja cha chuo, kimoja cha jijini na kimoja cha kijijini, kwa miezi mitano, na mfamasia wa kila halmashauri akae nasi kabla ya oda ya robo mwaka ijayo kufungwa. Gharama ya ziada kwa kila mgonjwa ni kyuveti mbili, sindano mbili za kidole na vidonge ambavyo tangu mwanzo vilitakiwa viwe vyake.

Wenu katika kazi,
Wahudumu wa maabara, lishe na dirisha la dawa
Dodoma